Mabua Mabichi Njia Panda ya Msalaba

Najua wengi wenu mmeshaisikia habari hii kwa watu wengine, na kila anayeisimulia anaongeza ng'ombe wake, kiasi kwamba nilipoisikia mara ya mwisho pale Ipogolo, ng'ombe walikuwa wamefika mia mbili na mimi nilikuwa nimepanda juu ya mti kuwakimbia. Sikupanda mti. Mengine karibu yote ni kweli, na aibu ni yangu, naikubali mbele ya Mungu na mbele yenu, mimi Luka, mwinjilisti mstaafu mwenye miaka sabini na minne, niliyemchelewesha rafiki yangu kaburini kwa sababu ya mabua ya mahindi.

Rafiki mwenyewe ni Zakaria. Tulisoma darasa moja la uinjilisti, na tulipomaliza, kanisa likatutuma pamoja kwenye vijiji vya njia ile inayochepuka Mafinga, inapita Sadani, inateremka hadi Madibira na kwenda kutokea Rujewa. Tulipewa Biblia mbili, sanduku moja la vitabu vya nyimbo, na baiskeli moja. (Baiskeli moja, watu wawili, na njia ya siku tatu, na tulishukuru.) Tulikuwa tunafanya hivi: mmoja anapanda, anatangulia hadi njia panda fulani, anaiegemeza baiskeli kwenye kichuguu na kuendelea kwa miguu, na yule aliyekuwa anatembea nyuma anaikuta, anaipanda, anampita mwenzake, anakwenda kuiacha mbele. Hivyo kila mtu alitembea nusu na kupumzika nusu, na mwisho tulifika wote, ingawa Zakaria alifika akiwa amechelewa siku zote, maana hakuna njia panda aliyoipita bila kuingia kwanza kusalimia.

Sasa, kwa kuwa nchi ile ilikuwa tambarare tupu na njia zote zilifanana, aliyetangulia alikuwa na kazi moja zaidi. Akifika njia panda, anakata majani na kuyalaza kukingama njia ile isiyo yetu. Tuliita kufunga njia. Ukiona majani yamelala, njia hiyo imefungwa, usiishike, shika nyingine. Hatukuandika popote wala hatukuhitaji kuandika. Miaka tisa tulipita vile, na nilipotea mara moja tu, siku ambayo Zakaria alisahau kufunga kwa sababu alikutana na watu wanaotaka kuombewa.

Zakaria alilala usingizi wa mwisho Kihesa, hapa Iringa, nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi, Mungu alimrehemu hakuteseka. Alikuwa ameshasema azikwe kwao Isengile, kule chini Usangu, kando ya mama yake. Basi tukakaa kikao cha msiba chini ya turubai, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipoanzia.

Baraka, mume wa Upendo, binti wa marehemu, ni mwalimu wa sekondari na mtu mwenye adabu sana. Akasimama, akasema, "Wazee wangu, mimi naona tuandike vibao vitatu, neno MSIBA na mshale, tuvifunge kwenye njia panda zote. Na mimi nitakuwa gari la mbele, nina ramani kwenye simu."

Alikuwa na haki. Naona leo kwamba alikuwa na haki kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa siku mbili nikimkumbuka rafiki yangu, moyo umejaa baiskeli na vumbi, nikasimama nikamwuliza, "Mwanangu Baraka, hiyo ramani inaijua njia panda ya Msalaba?"

Akaipapasa simu. "Haipo, Baba."

"Basi kaa chini."

Watu wakacheka, na mimi (hapa ndipo shetani anapokaaga, kwenye kicheko cha watu) nikanogewa. Nikawaeleza habari ya kufunga njia, nikatumia karibu nusu saa, nikawaimbisha vijana wa kwaya kama darasa la kipaimara: "Jani likilala?" Nao: "Njia imefungwa!" "Utapita?" "Hatupiti!" Nikasema Zakaria amefunga njia maisha yake yote kwa majani, hatazikwa kwa vibao vya rangi. Mimi nitatangulia siku moja kabla, asubuhi ya maziko nitafunga njia panda zote tatu kwa mikono yangu, na wao wafuate majani tu, wasisikilize kingine chochote. Nilisema maneno hayo. Wasisikilize kingine chochote.

Mama Upendo, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake. Akaniita kwa sauti ndogo. "Shemeji, mimi sijui mambo ya majani. Ninachotaka ni kimoja. Unayajua macho yangu, jua likizama sioni hata mkono wangu. Nataka niione siku hiyo anavyoshushwa, nimwone anapolala. Usinipotezee mume njiani."

Macho yake yana ukungu, miaka sasa. Nikamshika mikono nikamwahidi, "Shemeji, jua litakuwa bado liko juu. Utamwona."

Nikaondoka siku ya pili na basi la Mafinga, nikaunganisha gari la Madibira. Mnaoijua njia ile mnajua unavyoacha misonobari na baridi yake, koti limefungwa hadi shingoni, halafu unaanza kuteremka, unafungua kifungo kimoja, cha pili, na ukifika chini koti liko mapajani na mbele yako nchi imelala kama meza. Zamani tuliteremka pale tukiwa tumeishika baiskeli kila mmoja upande wake isitukimbie, haikuwa na breki. Nililia kidogo dirishani. Jirani yangu kwenye kiti akadhani ni vumbi, akanipa leso.

Asubuhi ya maziko nikamchukua Sanga, mwenye bodaboda pale Isengile, mtu mzima mwenye watoto wanne na maneno machache. Ulikuwa ni ukame wa mwisho wa mwaka, majani yote ya barabarani yamekauka na kupakwa vumbi, yana rangi moja na barabara. Nikafikiri, majani ya namna hii nani atayaona? Ndipo nikaona, kando ya mfereji, bustani za mahindi ya kumwagilia, kijani kibichi kinachong'aa. Nikamwomba mwenye bustani, mzee mwenzangu, akaniambia msiba ni wetu sote, akanikatia mabua mzigo mzima, mabichi, yana majimaji yanayochuruzika.

Sanga akayatazama. "Mzee, hiki ni chakula."

"Ni alama."

"Sawa, ni alama. Ila ni chakula."

"Funga mzigo, Sanga, twende."

Tukapita njia yake ya pikipiki ya mkato, ile inayokatiza katikati ya majaruba ya mpunga, hadi tukatokea barabarani. Na hapo nilipaswa kuelewa, maana hatujakwenda mbali mbuzi mmoja akatoka kichakani akaanza kutufuata. Halafu wawili. Halafu nikageuka nikaona kundi zima linakimbia nyuma yetu, masikio yanapepea, mmoja ameshafika na kushika bua lililoning'inia, anavuta, na mimi nimelishika upande wangu, navuta, huku nimeketi kwenye pikipiki inayokwenda, nimevaa suti ya maziko. Kina mama wawili waliokuwa wanakwenda sokoni wakasimama. Mmoja akaniamkia, "Kamwene, Baba Mwinjilisti!" Nikamwitikia kamwene huku nagombana na mbuzi.

Enzi zetu njia ile mifugo yake ilikuwa ya kuhesabu. Sasa Wasukuma wamehamia na makundi yao, na nchi yote imejaa pembe, na mwezi ule hakuna jani bichi popote isipokuwa lile nililolibeba mimi. Jambo hilo mtu yeyote wa pale angelijua. Mimi nilikuwa nazifunga njia za miaka hamsini iliyopita.

Njia panda ya kwanza inaitwa ya Tofali, kwa ajili ya tanuri la zamani. Nikalaza mabua upande wa kushoto, usio wetu. Ya pili ni ya Msalaba. Palikuwa na msalaba wa mti pale, waliousimika watangulizi wetu, mchwa waliula kabla hata sijaoa, jina likabaki. Hapo njia ya Isengile inanyooka, na ya kulia inakwenda Mashine, kijiji kidogo tulichokuwa tunahubiri zamani. Nikalaza mabua upande wa Mashine, tena nikayafunga pamoja kwa kamba ya mkonge ili upepo usiyatawanye. (Kumbukeni kamba hiyo.) Ya tatu ni ya Mfereji, karibu kabisa na Isengile, njia mbili zinazofuata mfereji, moja ukingo huu na nyingine ukingo ule. Nikafunga na pale. Nikavua kofia, nikasali, nikamwambia Zakaria, "Ndugu yangu, njia zimefungwa. Njoo."

Tukarudi. Maziko yalipangwa saa nane, magari yafike saa sita. Kaburi lilikuwa tayari, Mchungaji amefika kutoka Rujewa, wali unaiva, na watu wameketi wakitazama barabara.

Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Nikawaambia watu mteremko ni mbaya, wanakwenda polepole. Saa nane Mchungaji akaangalia saa yake, akaniangalia mimi. Simu hazikupatikana, mtandao wa kule unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa. Ilipofika saa tisa, mtani wetu akaanza.

Mimi na marehemu ni Wahehe, tunaotaniwa kwamba tunakula mbwa, na mtani wetu pale kijijini ni Mama Komba, Mngoni aliyeolewa Isengile, mwanamke mwenye sauti ya kengele, na kwenye msiba mtani hazuiwi na mtu. Akasimama katikati ya waombolezaji, ameligeuza koti mbele nyuma, amebeba bua.

"Wahehe! Mmemtanguliza huyu mzee kuonyesha njia? Si mngemtanguliza hata yule mbwa mliyepanga kumla? Yeye angenusa tu akafika, sasa hivi tungekuwa tumeshakula wali!"

Watu wakazika nyuso kwenye khanga. Akaja akalilaza lile bua mbele ya miguu yangu. "Usiondoke, Mzee Luka. Njia imefungwa."

Nikaliruka, nikamfuata Sanga. "Washa," nikamwambia.

Mfereji, hapakuwa na kitu. Namaanisha hapakuwa na hata unyuzi wa jani, ila samadi mbichi, ya kutosha bustani nzima. Nikasema moyoni, haidhuru, walau magari hayajafika hapa. Tukaenda mbio hadi Msalaba, na pale nikaona kitu ambacho hadi leo nikifumba macho nakiona. Mabua yangu yalikuwepo. Yamefungwa na kamba yangu ya mkonge, yameliwa nusu, na yamelala vizuri kabisa, yamekingama. Lakini yamekingama njia ya Isengile. Njia ya Mashine ilikuwa wazi, na vumbi lake lilikuwa na alama za magari matatu.

Kando yake alisimama mzee mmoja wa Kisukuma, fimbo begani, mbuzi wake wamejitandaza. Jina lake Masanja, tumekuwa marafiki baadaye. Nikamwamkia, nikamwuliza kama ameona magari ya msiba.

"Nimeyaona. Yameenda kule Mashine."

"Na haya majani, nani ameyahamisha?"

Akaonyesha kwa fimbo beberu moja jeusi lenye ndevu. "Ni huyu. Aliivuta hii mzigo yote mpaka ng'ambo, sababu imefungwa kamba. Mimi nikamfukuza, nikasema, labda ni mambo ya kanisa, siyo vizuri kuishika. Nikaiacha hapo hapo."

"Sasa mzee mwenzangu, watu wangu walipofika, mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia! Yule wa gari la mbele alishuka, akaangalia majani, akaniuliza, babu, njia ya Isengile ni ipi? Nikasema ni hii, nyooka tu. Wale vijana kwenye Kosta wakaimba, jani likilala, sijui nini na nini. Yule bwana akaniambia, babu, asante, lakini sisi tuna maagizo." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Nikasema haya, kama mna maagizo."

Sanga, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Nilisema ni chakula."

Baadaye Baraka alinieleza: walipofika Tofali mabua yalikuwa pale pale nilipoyaacha, yakawaongoza sawasawa, na kwaya ikapiga makofi garini. Kwa hiyo Msalaba waliyaamini mara mbili zaidi. Walinitii. Ndilo lililoniuma. Kama wangekuwa wakaidi kidogo, kama vijana wengine wa siku hizi, wangefika saa sita na nusu.

Tukafuata alama za magari. Njia ya Mashine imekuwa mbovu, makorongo, na mimi nilikuwa naomba kila shimo, Bwana usiwaache wamekwama, usiliache jeneza kwenye jua. Nikayaona magari yamesimama mbele ya kanisa dogo la matofali mabichi, nikasikia kuimba. Nikashuka kabla pikipiki haijasimama, nikaanguka, suti ikachanika gotini, nikainuka nikaingia.

Jeneza lilikuwa limewekwa mbele, juu ya mabenchi mawili. Kanisa limejaa. Kwaya yetu upande mmoja, na upande mwingine wazee wa Mashine, vibibi na vibabu vya umri wangu, nikawatambua mmoja mmoja kama mtu anayewasha taa vyumbani: huyu tulimfundisha kusoma, huyu alitusitiri na mvua siku tatu. Magari yalipofika mwisho wa njia, Baraka alishuka kuuliza ni wapi, na kibibi kimoja kikauliza ni nani aliye ndani, na kilipoambiwa kikapiga kelele, "Zakaria! Amekuja kutuaga!" na kikakimbia kugonga kengele. Baraka alijaribu kueleza kwamba wamepotea. Hakuna aliyemsikiliza. Wakaliteremsha jeneza wenyewe.

Yule bibi akanishika mkono. "Luka! Ni wewe uliyemleta huku? Tulijua hatutamwona, miguu yetu haifiki Isengile. Mungu akubariki, mwanangu." (Mwanangu! Tumepishana labda miaka mitano.) Akanibusu mkono mbele ya watu wote, na mimi nimesimama na goti nje, nanuka mbuzi. Nilitaka kusema siyo mimi, ni beberu. Sikuweza.

Nikapita mbele, nikapiga goti hilo lililochanika mbele ya mjane. "Shemeji, nimekupotezea mume. Nisamehe."

Mama Upendo akaugeuza uso wake kwangu, akanitafuta kwa yale macho yake, akanipata. "Shemeji," akasema, "huyu mume wangu alishawahi kufika mahali moja kwa moja? Miaka arobaini na sita namsubiri chakula kimepoa. Ningeshangaa leo angewahi." Kisha tabasamu likaondoka. "Lakini jua, Luka. Jua liko wapi?"

Nikatazama mlangoni. Saa kumi na nusu.

Tukaaga, tukapakia. Nikamwambia Sanga atangulie Isengile awaambie watu, mimi nikapanda gari la mbele na Baraka ili nisipoteze mtu mwingine. Tukaruka makorongo, tukapita Msalaba, Masanja akatupungia fimbo. Vumbi lilikuwa jekundu na kivuli cha gari kimeanza kuwa kirefu pembeni yetu. Tukafika Mfereji, njia mbili, na alama yangu iko tumboni mwa ng'ombe.

"Baba, ukingo huu au ule?"

Nisikilizeni jamani. Asubuhi Sanga ndiye aliyenionyesha upande wa kufunga, na safari zote Isengile tuliingia na kutoka kwa njia yake ya mkato, si kwa ukingo wowote. Sikuwa na hakika. Na pale mferejini palikuwa na mama aliyekwisha kuchota maji, hatua ishirini, ndoo kichwani. Baraka akapunguza mwendo, akateremsha kioo amwulize. Nami, kwa jinsi nilivyokuwa na haraka, na kwa jinsi aibu ya siku nzima ilivyonifanya nitake kujua angalau jambo moja, nikasema, "Usisimame. Kushoto."

Akakunja kushoto. Mwanangu yule ni mtiifu hadi unamwonea huruma.

Tulikwenda vizuri kabisa, ukingo mwembamba, maji kulia kwetu, hadi nikaanza kuona turubai. Turubai la msiba wetu. Likiwa ng'ambo ya maji. Na watu wote, mia kadhaa, wakasimama wakageuka kututazama, sisi tunapita taratibu mbele yao upande usio, magari matatu, kwaya inaimba, na mfereji katikati, mpana, umejaa. Kosta haikuweza kugeuza pale, ukingo haukuwa na upana. Kurudi kinyumenyume ni kilomita nne. Tukasimama. Halafu sauti ya kengele ikavuka maji:

"Mzee Luka! Sasa ni sisi tuvuke au ni yeye?"

Jua lilikuwa mkono mmoja juu ya ardhi. Mama Upendo akashuka garini akashikwa na binti yake, akauliza tu, "Bado naona. Kwa muda gani?"

Ndipo nikaliona lile daraja la magogo mawili, wanalopitia wakulima na majembe yao. Nikamwambia Baraka, "Fungua nyuma. Tutambeba." Vijana wa kwaya wakaingiza mabega, na mimi nikaingiza langu mbele, kushoto, wakanizuia nikawaambia hapana, njia hii nimeitembea naye, nitaimaliza naye. Wanaume wa Isengile wakaja mbio kutoka ng'ambo, wakaingia majini hadi kiunoni, kila upande wa magogo, mikono juu, jeneza likipita juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyepanga. Tukavuka hatua kwa hatua, nikisikia maji chini na pumzi za watu, na nikakumbuka tulivyovuka mito ya nchi ile, baiskeli begani, yeye mbele mimi nyuma, akiniambia, Luka usitazame chini, tazama kola yangu. Basi Zakaria akafika kwao kwa miguu, kama alivyozoea kufika.

Na mngedhani imekwisha. Kwenye njia ya kaburini Mama Komba alikuwa amelaza bua, amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Njia imefungwa."

"Mtani," nikamwambia, "jua linazama."

"Kula."

"Nini?"

"Ng'ombe wamekula, mbuzi wamekula. Zamu yako. Kula tupite."

Mchungaji akatazama angani. Mamia ya watu wakanitazama mimi. Nikainama, huku bega lina jeneza, nikapewa bua, nikang'ata. Lilikuwa tamu. Nikatafuna mbele ya kanisa, mbele ya kijiji, mbele ya rafiki yangu, majimaji yakinitiririka kidevuni, na kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia msibani, na ndani yake nikasikia cha Mama Upendo, cha juu, cha msichana. Mama Komba akaondoka njiani, akafuta machozi, akalipiga jeneza kofi dogo. "Pita, mtani. Umefika."

Tulimshusha jua likiwa limegusa ardhi, jekundu, bado lina mwanga. Mjane alisogezwa hadi ukingoni, akainama, akatazama kwa muda, akatupa udongo wake. "Nimemwona," akasema. Tulipomaliza kushindilia, hakuwa anaona tena.

Nimefikiri sana tangu siku ile, maana mzee hana kazi nyingi. Aibu ya mbuzi imepona, aibu ya bua imekuwa kicheko cha familia, hata wajukuu huniletea bua msimu wa mahindi mabichi. Inayobaki ni ile ya Masanja. Mtu amesimama njia panda, anaijua njia, ameulizwa na amejibu kweli, na watoto wangu wakamwacha kwa sababu mimi niliwafundisha kuyasikiliza majani kuliko mtu. Na yule mama wa ndoo nikamfanyia vile vile mwenyewe, kwa mdomo wangu. Zakaria alichelewa maisha yake yote kwa sababu alisimama kuuliza na kusalimia, mimi niliwahi, na nilidhani mimi ndiye niliyekuwa naijua njia. Basi nimeweka nadhiri: sitafunga njia tena, wala sitampita mtu aliyesimama njia panda bila kushusha kioo.

Mwaka ulipotimia tukaenda Isengile kwa ibada ya kumbukumbu. Baraka alitengeneza vibao vyake, vizuri, vyenye mshale, akavifunga siku moja kabla. Mimi nilikaa kiti cha nyuma kabisa cha Kosta, nimeshika chupa ya chai, sikusema neno kuanzia Mafinga. Tulipofika Msalaba mshale ulisema nyooka, na Mama Upendo akasema kutoka mbele, "Baraka, kunja kulia kwanza. Twende Mashine. Wanatusubiri."

Gari likapunguza mwendo, na Masanja yuko pale pale na mbuzi wake. Nikashusha kioo, nikamwamkia, nikamwuliza kwa sauti, ili gari zima lisikie, "Mzee mwenzangu, njia ya Mashine ni hii?"

"Ni hiyo hiyo," akasema. Akachungulia ndani, akanitazama mapajani. "Leo hujatuletea majani?"

Nikamwambia sikuleta. Lile beberu jeusi likainua kichwa, likanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi, likaanza kuja. Nikapandisha kioo.